Beseni la Zambarau la Bibi Mlangoni

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, chumba cha kuchanganyia rangi kitaagana na mtu wake wa miaka thelathini na mmoja. Daftari la mahudhurio, ambalo mimi ndiye ninayelitunza, linaonyesha kwamba kwa miaka yote hiyo alichelewa kazini mara mbili tu. Mara ya kwanza gari lilimharibikia njiani. Ya pili nitaieleza mwishoni, maana ndiyo iliyonifanya niombe mwenyewe kuandika wasifu huu, kabla hawajampa meneja wa mauzo akatuandikia tangazo.

Jina lake limo kwenye mafaili, lakini humu kiwandani hakuna anayelitumia. Ni Bibi Mlangoni, basi. Wageni hudhani alianza kama mlinzi wa geti. La hasha! Alianza kwa kufagia chembe za plastiki zilizomwagika chini ya mashine, na kwa kuwa hakupenda kuona vitu vimevurugika, akawa anazitenga rangi kwa rangi bila kutumwa na mtu. Mzee aliyekuwa akichanganya rangi wakati huo alimwona, akamnyang'anya ufagio, akampa mizani. Hajaurudia ufagio tangu hapo, ingawa sisi wenye meza chafu ametusema sana.

Jina la Mlangoni lilitokana na miguu yake. Kitu kipya kikitoka kwenye kalibu, kile chuma kinachoipa plastiki umbo, yeye hukichomoa kwa mikono mitupu kikiwa bado cha moto, huyoo, mbio mpaka mlangoni kukitazama juani. Alisema taa za ndani zina tabia ya kumsifia kila mtu. Glovu zilikuwepo, zimetundikwa kwenye msumari, safi kama siku zilipotoka dukani. Ukimkumbusha alikujibu kwamba wewe ndiye uliyeajiriwa kuvaa glovu, yeye aliajiriwa kuangalia rangi.

Na mlango ule umetuokoa jamani. Wakongwe watakumbuka viti vya shule vya kahawia. Mteja ameridhika, bosi ameridhika, kalamu iko mkononi tayari kwa sahihi. Bibi akaburuta kiti kimoja hadi juani, na kahawia yetu ikageuka matope yenye ukijani, watu wote wakitazama. Alirudi mezani kwake, akapima unga wa rangi upya kwa siku tatu, mpaka kiti kikawa kahawia popote ulipokiweka. Kuna pia lile jagi la vimetameta. Pale mikondo miwili ya plastiki ilipokutana ndani ya kalibu, vimetameta vilijipanga na kuacha mstari mweusi, ungedhani jagi limepasuka. Mafundi walihangaika kuufuta. Bibi akauliza kwa upole kwa nini wasigeuze kalibu kidogo ili mstari uangukie chini ya mpini, mahali ambapo hakuna anayetazama. Jagi hilo linauzwa mpaka leo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ameniruhusu kuliandika kwa sharti moja, kwamba nisilipambe. Miaka mitano iliyopita binti yake alimwachia mjukuu wa miezi minane. Bibi akachanganya maji ya kumwogesha, akatia mkono, akaona ni vuguvugu. Hayakuwa vuguvugu. Mikono iliyochomoa plastiki ya moto kwa miaka ishirini na sita ilikuwa imesahau moto ni nini. Mtoto aliungua mguu. Alipona, siku hizi anakimbia hata humshiki, lakini kovu lipo. Binti hakumgombeza mama yake hata siku moja. Ila tangu hapo, kila alipomleta mtoto, alimleta ameshaogeshwa. Hilo ndilo lililomuumiza mwenzetu, na lilimuumiza kwa miaka.

Watu walimpa pole na kumwambia ajali haina kinga. Hakubishana nao. Jumatatu alivaa zile glovu za msumarini, akaanza kuitafuta hiyo kinga.

Kuna unga wa rangi ya buluu ambao ukipata joto hufifia ukapotea, na ukipoa hurudi. Wenzetu kwingine huutia kwenye vikombe na vitu vya kuchezea. Bibi akaamua kuutia kwenye beseni la kuogeshea watoto, ili maji yakizidi joto, beseni lenyewe liseme. Majaribio ya kwanza yalikuwa aibu tupu. Mashine ilikuwa ya moto mno, ikaupika unga ukafa kabla beseni halijatoka. Alimbembeleza fundi wa mashine apunguze joto kidogo kidogo, na fundi akawa analalamika kwamba sasa tunapika uji. Hatimaye, kwa kuweka njano ya kawaida chini ya buluu hiyo, likapatikana beseni la kijani, ambalo maji yakizidi joto linageuka njano. Meneja wa mauzo alilipenda mno. Mabeseni mia sita yakapangwa stoo, yamebandikwa lebo, tarehe ya kuyatoa imetangazwa.

Lakini Bibi alikuwa ameacha beseni moja mlangoni juani, kwa mazoea yake. Baada ya wiki sita lilikuwa njano tu, umwagie maji ya moto au ya baridi. Jua lilikuwa limeua unga wote. Mama atakayeliazima kwa jirani atadhani ni beseni zuri la njano, au mbaya zaidi, atasikia kwamba ni beseni linaloonya na ataliamini. Alikwenda mwenyewe kwa bosi akaomba yote mia sita yasagwe. Mimi, kwa huruma ya kijinga, nilimshauri ayaache yatoke, tutarekebisha baadaye. Ilikuwa imebaki miezi kumi na moja astaafu, na nilitaka aione kazi yake dukani. Hakunisemesha siku mbili. Nilistahili.

Jua hakuweza kulizuia. Kwa hiyo akaamua kwamba kama ni lazima beseni life, basi life likipiga kelele. Akaitupa njano, akaweka nyekundu chini ya ile buluu. Maji yakiwa salama, beseni ni zambarau. Yakizidi joto, ni jekundu. Unga ukifa, linabaki jekundu moja kwa moja, na chini limeandikwa kwa herufi zilizoinuka kwamba likiwa jekundu mtoto asiogeshwe humo. Meneja wa mauzo alishika kichwa, akauliza nani atanunua beseni la zambarau. Wakunga wa zahanati ya jirani walipewa sita ya majaribio na wamegoma kuyarudisha. Pale mlangoni yamekufa mabeseni kumi na manne, yote mekundu.

Wakati huo binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa pili. Wiki tatu zilizopita, beseni la kwanza la mauzo lilipotoka, Bibi alilibeba, na asubuhi yake akapitia kwa binti kabla ya zamu. Anasema alilitua tu chini, hakuomba kitu. Binti akamimina maji, likawa jekundu. Akaongeza ya baridi, wakasubiri wote wawili mpaka likarudi zambarau. Binti akamvua mtoto nguo, akamkabidhi kwa Bibi.

Hapa kazini Bibi aliingia saa tatu na nusu, mikono ya gauni imelowa mpaka kwenye viwiko. Hakuomba radhi. Aliketi mezani kwake akalia, na mimi nikamwandikia mahudhurio kwa mkono wangu: amechelewa.

Bibi Mlangoni, asante kwa kila rangi uliyoikataa. Mlango tutauacha wazi, na glovu tunavaa. Kuanzia Jumatatu hakuna daftari linalokusubiri, kwa hiyo mwogeshe mjukuu taratibu, usiharakishwe na mtu. Maisha yako yawe mema, na maji yawe zambarau kila asubuhi.