Mzee Mawe Anahamia Tangi Jingine

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa kumi kamili alasiri, Mzee Mawe anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Maji kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake halisi limo kwenye faili, lakini halijatumika siku nyingi. Meneja mwenyewe, alipokaa kuandika barua ya kustaafu, ilibidi aulize.

Aliajiriwa kama msoma mita, na kwa kazi hiyo aliwajua mbwa wote wa mji kwa sauti. Akapanda hadi fundi mita mkuu. Hayo yamo kwenye faili. Lisilokuwemo ni tangi.

Miaka kumi na tisa iliyopita, Idara iliweka tangi la kioo la lita elfu mbili kwenye ukumbi wa wateja, watu waone maji yetu yalivyo safi. Wateja waliona, wakauliza mbona samaki wana maji na wao hawana! Aliyetumwa kuchagua samaki ni yeye. Alirudi na siklidi kumi na wawili, wale binamu wadogo wa perege wenye rangi za peremende, na alikuwa amechagua wanaong'aa kuliko wote. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa aina ile, wanaong'aa ni madume. Wahenga walisema mafahari wawili hawakai zizi moja. Yeye alitia kumi na wawili. Kufikia Jumatatu walibaki watatu, na hao nao mikia nusu nusu.

Mwingine angeomba uhamisho. Yeye alirudi dukani, akasimama mbele ya vioo asubuhi nzima bila kununua kitu, mpaka muuzaji akamwonea huruma akamletea kiti. Akajifunza kwamba dume mmoja anataka majike wanne, na kwamba heri wawe wengi, maana wakiwa wachache mnyonge anakuwa mmoja na kila mtu anampiga yeye. Zaidi ya yote alijifunza mawe. Siklidi akishashika pango lake, mgeni hana pa kupumulia. Kwa hiyo kila alipoleta samaki mpya, kwanza alihamisha mawe yote. Wenyeji wakigeuka hawaoni pango wala kona. Wote wanakuwa wageni, na ugomvi unasahaulika. Ndipo jina lilipotoka.

Mimi ninayeandika, karani wa malalamiko, siku yangu ya kwanza niliwakuta wafanyakazi wanazurura na vikombe mkononi wakitafuta meza zao. Nilidhani wezi wameingia. Kumbe Mzee Mawe aliwahi alfajiri, akahamisha meza zote kumi na moja kwa ajili yangu. Mhasibu alinuna mpaka saa nne, lakini kufikia saa sita tulikuwa tunatafuta mashine ya kudurufu pamoja. Nilimpenda mzee huyu siku ile ile kama baba yangu, na sijawahi kumwambia.

Mwezi uliopita tulikwenda naye kuchagua samaki wake wa mwisho, majike sita. Tuliporudi, mkono wake umezama majini mpaka kwapani akihamisha mawe, akasema polepole kwamba anaogopa kwenda nyumbani. Mkewe, mwalimu mstaafu, ana miaka sita anaitawala nyumba ile peke yake mchana kutwa. Ana kiti chake cha dirishani, redio yake na saa zake. Nani atamhamishia yeye mawe?

Mdomo wangu hauna kufuli. Nilimpigia mama, mkewe, simu jioni ile ile. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza mafundi wa Idara wana nafasi lini.

Basi, mzee wetu, kama unajiuliza mbona mafundi bomba wanne hawapo ukumbini kukuaga, na mbona mama hakuja, jua kwamba goti alilosingizia ni zima kabisa. Unaposoma mstari huu, kabati limeshavuka sebule, redio imehamia jikoni, na kile kiti ambacho hata wajukuu hawathubutu kukigusa hakipo tena dirishani. Mama anakusubiri amesimama, maana hata yeye hajui atakaa wapi.

Asante, baba, kwa mawe yote. Tunawatakia ninyi wawili ugeni mwema.