Mama Utelezi, Aliyehamisha Ukoo Mzima wa Kijani

Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, Mama Utelezi atatimiza miaka thelathini na minne katika Jumba letu la Mimea Mikavu, na jioni hiyo atakabidhi ufunguo na kustaafu. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Wasomi wakasukumiana: huyu ana ripoti, yule ana semina. Mwishowe wakamwendea fundi wa jumba, yaani mimi, ambaye humu ndani wakubwa kwa wadogo huniita Mjomba. Hawakukosea mlango. Shule niliiacha mapema kwa kuwa ilikuwa inanichelewesha, lakini hakuna kabati humu ambalo sijalibeba, na mengi aliyoyafanya mama huyu yamepitia mgongoni kwangu.

Alikuja akiwa binti mwembamba mwenye stashahada na ndoo. Stashahada ilikuwa ya elimu ya mimea. Ndoo ilikuwa ya mwani wa kijani, ule utelezi unaoota kwenye madimbwi na matangi, ambao wengine tukiuona tunaita mtu na brashi. Mlinzi wa getini alimzuia, akamwambia humu uchafu hutolewa, hauingizwi. Binti akajibu kwamba wale ni wageni wake, na kama wao hawaingii basi na yeye haingii. Waliingia wote. Jina la Mama Utelezi lilizaliwa pale pale getini, kwa kejeli. Alipolisikia hakununa. Aliliandika kwa rangi kwenye kikombe chake cha chai, na tangu siku hiyo kikombe hicho hakijawahi kuibwa, tofauti na vyetu.

Kazi yake haina mbio. Mimea mingine unaibana kati ya magazeti, unaikausha, umemaliza. Mwani ukiutoa majini hujikunja kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Inabidi uulaze kwenye sinia la maji, upitishe karatasi chini yake, uuache uelee na kujitandaza wenyewe, halafu unyanyue karatasi taratibu kama unayemtoa mtoto aliyelala kifuani. Kila mwanagenzi aliyepita mikononi mwake aliambiwa neno lile lile: "Mwani ueleze kwanza, ndipo uueleze." Wapo waliodhani mama ana kigugumizi, mpaka walipotia mikono majini wakaelewa: kwanza uufanye uelee, ndipo usimulie habari zake. Karatasi ikiharibika anaanza upya. Ikiharibika tena, anaanza upya tena, wala haguni. Mimi ningeshampiga mtu.

Safari za kukusanya mwani dereva nilikuwa mimi. Kwenye dimbwi moja tulivamiwa na mamba mrefu kuliko gari letu, nikamkabili kwa jeki na kumrudisha majini akiwa ameshika adabu. Mama Utelezi husema alikuwa kenge, tena mchanga, na kwamba mimi nilikuwa juu ya paa la gari. Namheshimu kwa taaluma yake, lakini yeye ni mtu wa mimea. Wanyama aniachie mimi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katika ukumbi wetu makabati hayapangwi kwa herufi, yanapangwa kwa undugu. Walio ndugu husimama bega kwa bega, kama watu wanaopigwa picha ya familia. Karibu na mlango kuna vile vijimea vidogo vinavyotandaza zulia kwenye kuta zenye unyevu, halafu kangaga, halafu misonobari, mpaka mwisho wa ukumbi kwenye mimea ya maua. Mwani wa kijani wote ulikuwa umerundikwa chumba cha nyuma, kwa sababu wote ni wa kijani na wote unateleza.

Mama Utelezi akasema ile si familia, ni watu waliovaa sare. Akatueleza, kwa maana ile ya pili, kwamba mwani wa kijani una nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ilibaki na mambo yake, baharini na kwingineko. Nyumba ya pili, iliyokaa zaidi kwenye maji baridi, ndiyo iliyotoa uzao uliopanda nchi kavu. Kila mmea wa ardhini, kuanzia zulia la ukutani hadi mti ninaoupasua mbao, ni wa nyumba hiyo ya pili. Maana yake, mwani wa nyumba ya pili una undugu wa karibu zaidi na mchungwa kuliko na mwani mwenzake wa nyumba ya kwanza. Nilipolielewa hilo niliketi. Nimeona ndugu wa mbali wakijitokeza kwenye urithi, lakini si kutoka dimbwini.

Basi tukahamisha. Uliopewa heshima ya kukaa mlangoni ulikuwa mwani wa matawi, ambao husimama wima chini ya dimbwi na vijitawi vyake vya duara ukadhani ni mmea wa bustanini. Ulifanana sana na mimea, hata wataalamu wengi waliuona kuwa ndio ndugu wa karibu kabisa. Kabati lake la kioo nililitengeneza kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na jipu. Mchoraji wa mabango akaandika juu yake kwa dhahabu: BABU WA MIMEA. Wageni wakapiga picha. Mkurugenzi akatabasamu wiki nzima.

Mama Utelezi hakutabasamu hata kidogo. Alisema babu alikufa zama za kale, hata kaburi lake hatulijui. Huyu wa kwenye dimbwi yu hai leo, anaota jua hili hili tunaloota sisi, basi ni ndugu. Mtu hamwiti binamu yake babu kwa sababu tu kabaki kuishi mtoni. Mchoraji akalalamika kwamba dhahabu haifutiki. Mama akapanda ngazi na kisu cha kukatia karatasi, akaikwangua mwenyewe, na kesho yake pakaandikwa NDUGU.

Tukadhani tumemaliza. Kisha zikaja habari za wataalamu waliosoma vinasaba, ile asili inayorithiwa ndani ya kila kiumbe. Ndugu wa karibu kabisa wa mimea ya nchi kavu akaonekana si yule mwenye matawi mazuri. Ni kundi la spirojira: nyuzi laini zinazoelea kama nywele zilizobaki kwenye kitana, hazina shina wala tawi. Miaka yote Mama Utelezi alikuwa amefundisha vingine. Alisoma, akarudia kusoma, akavua miwani, akaja karakana akasema neno moja: "Tunahamisha." Mgongo wangu ulisikia kabla ya masikio.

Kikwazo kilikuwa muda. Kabati moja lilikuwa limeyumba likakaribia kumwangukia mgeni, na mkurugenzi akaamuru yote yafungwe sakafuni kwa bolti, mwezi huu huu wa kustaafu kwake. Likishafungwa limefungwa. Kabati la spirojira liko nyuma, chakavu, mlango umepinda. Mkurugenzi, ambaye ni mtu mwema ila anapenda sana macho ya wageni, akakataa lisogee mbele. Akatoa methali: undugu ni kufaana, si kufanana, na lile la kioo linatufaa. Mama akamjibu kwamba hapa si kufaana wala kufanana, ni damu. Na alijua akiondoka kabla ya jambo hilo kunyooka, ukumbi utawadanganya wageni kwa miaka mingi, na hakuna atakayekuwepo kuusahihisha. Wengine wote humu ni watu wa maua.

Mafundi wa bolti wakaanzia upande wa maua, kelele juu ya kelele. Mama Utelezi alibeba meza yake, darubini yake na kile kikombe, akaketi mlangoni pale pale palipopangwa kutobolewa, akaendelea na kazi. Kiongozi wa mafundi akamwambia, "Bibi, tutakutoboa pamoja na kiti." Mama hakuinua uso. Alimwambia atoboe taratibu, asimtikisie darubini. Wakaizunguka meza kama maji yanavyozunguka jiwe, mpaka pakabaki hapo tu.

Mkurugenzi akaitwa. Mama akamsogezea darubini. Bwana mkubwa akainama, akaona ndani ya uzi mmoja utepe wa kijani umejizungusha kama ngazi ya mnara, akakaa ameinama muda mrefu kuliko cheo chake kinavyoruhusu. Aliponyanyuka akauliza swali la haki kabisa: wataalamu wakigundua jipya mwaka ujao, na wewe hupo, nani atang'oa bolti hizi?

Mama akashika kikombe, akakiweka. Wakati huo mhudumu akapita akisukuma toroli la chai. Mama akalitazama likipita, akalitazama mpaka likaishia kwenye kona, kisha akasema: "Basi tusiyafunge. Tuyape magurudumu."

Mkurugenzi akasema yataanguka. Hapo ndipo ilipohitajika akili kubwa, nami nilikuwepo. Nilichora kitako kipana, magurudumu manne, breki ya mguu kila pembe, na mguu wa mbele wa chuma wa kuzuia kuyumba. Siku ya majaribio kiongozi wa mafundi wa bolti, mtu mwenye mabega ya fahali, alilivamia kabati kwa nguvu zake zote. Kabati lilisimama. Aliyeanguka ni yeye. Mkurugenzi akatia sahihi.

Jumatatu ya wiki hii Mama Utelezi alifika mapema, akaachia breki kwa ncha ya kiatu, akalisukuma kabati la spirojira kutoka nyuma hadi mlangoni kwa mkono mmoja, mimi nimesimama kando sina cha kubeba. Lile la kioo lilisogea likampisha. Mchoraji akauliza aandike kwa dhahabu au kwa nini. Mama akampa chaki. Imeandikwa kwa chaki: NDUGU WA KARIBU, KWA TUNAVYOJUA SASA.

Mama, kwa niaba ya jumba zima, asante kwa kutufundisha kutazama chini ya maji kabla ya kuita mtu na brashi. Tunakuombea afya njema, miguu isiyouma, na madimbwi yasiyo na mamba. Lile swali la mkurugenzi usiondoke nalo, maana jibu lipo: breki tutaziachia sisi. Nenda ukapumzike kwa raha.

Mjomba, fundi wa jumba