Namba Ambazo Mzee Hakutaka Kututajia

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, mambo. Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba nisimame nishuhudie, na mama ameniomba nisimame bila vituko. Nitajitahidi kumridhisha angalau mmoja. Majina sitaji. Atakayejitambua anywe chai yake kimya.

Kaka yangu mnamfahamu, yule anayeshinda na kompyuta nyuma ya duka la fundi cherehani kule Mwanga, mpaka wengine mkadhani ni mgonjwa. Kazi yake ni kuwahifadhia watu tovuti. Bibi, nakuona umenikunjia uso, ngoja nieleze. Tovuti ni kama vyombo vya ndani, lazima vikae mahali. Kuna kompyuta kubwa huko mbali zisizozimwa, watu wanapanga nafasi humo. Kaka anapanga nyumba nzima, halafu anawapangisha wengine chumba kimoja kimoja. Basi.

Hapa mjini alikuwapo bwana mwingine wa kazi hiyo hiyo, mtumishi wa serikali kutoka mikoa ya mbali, aliyeifanya baada ya saa za ofisi. Akapata uhamisho. Mnajua mtu akihamishwa anavyouza vitu. Aliuza sofa, akauza kitanda, akauza kuku wa mayai, na siku ya mwisho akamuuzia kaka tovuti za watu. Kaka alifurahi kinoma. Wateja walikuwa wengi kuliko wake mwenyewe. Yule bwana akampa karatasi yenye namba za simu, akapanda treni, akaenda zake.

Kesho yake ndipo tukaelewa tulichonunua. Tulinunua wapangaji, nyumba hatukununua. Ile nyumba ya zamani ilikuwa inarudi kwa mwenyewe Ijumaa, na chochote kitakachokutwa ndani kinafutwa. Kaka akawaandikia wenye nyumba akiomba wiki moja zaidi. Wakajibu kwamba wanamsikiliza mwenye mkataba tu, na mwenye mkataba yuko kwenye treni, simu haipatikani.

Na kila chumba kilikuwa na kufuli. Ili tukifungue tuhamishe vyombo, mwenye tovuti anatumiwa namba sita kwenye simu yake, atutajie. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo tulipoanguka. Kaka aliketi akaanza kuwapigia watu simu. Wengine akaniachia mimi niwapigie, akisema nina sauti ya mtu mwaminifu.

Jamani, hapa nchini kuna mtu asiyejua kwamba anayekupigia simu akitaka namba zilizoingia kwenye ujumbe wako ni mwizi? Hata mtoto wa chekechea anajua. Katibu mmoja wa wakulima wa kahawa kule Kalinzi alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Binti, matapeli wa wiki iliyopita walinisalimia kwanza." Mwenye gesti ya Bangwe hakungoja hata nimalize. Alikata, akaenda polisi.

Jumatano kaka akaitwa kituoni. Nilimsindikiza nikiwa na sare za shule, maana ndimi niliyepiga ile simu. Afande alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele. Alimsikiliza kaka, akamwita mwenye gesti, wakaelewana. Kisha akasema, "Likija lalamiko lingine kama hili, hutatoka hapa kwa maelezo."

Kaka akaazima pikipiki. Alhamisi nzima alikwenda kwa miguu ya matairi, Kalinzi, akashuka Simbo, akarudi mjini. Akifika wanamuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Akishataja babu, namba zinatoka hata hajaziomba, na mkungu wa ndizi juu. Jioni wote walikuwa wamekwisha hamia. Wote, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja ni mzee wa kambi ya wakimbizi, wa wale waliovuka ziwa miaka hii. Kwenda kwake kunataka kibali, na kibali hakipatikani kwa siku moja. Nikampigia. Safari hii nilianza na shikamoo, nikasema kila kitu polepole. Akauliza ni nani aliyenipa namba yake. Nikamwambia. Akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Mwanangu, hata watu niliowakimbia walikuwa na sauti nzuri hivyo hivyo."

Akazima simu.

Kaka akafungua tovuti yake ili tujue tunagombania nini. Bora tusingefungua. Zilikuwa picha za watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia. Jina la mtu halimo, mahali hapatajwi, maana wengine bado wanatafutwa na wabaya. Picha tu, na alama ndogo chini yake: ana kovu kwenye nyusi, anapenda kuimba, alikuwa na ndoo ya kijani. Na mahali pa kumwandikia mzee ujumbe. Kila kitu kilikuwa mle ndani, nakala nyingine hana. Kesho kingefutwa, na wa kulaumiwa ni sisi tulionunua tovuti kama sofa.

Mimi mnanijua. Kwenye msiba wa jirani nilitolewa nje kwa kucheka. Usiku ule sikuweza hata kumtania kaka alipokuwa akilia na kusingizia moshi wa jiko, na jiko lenyewe halijawashwa.

Nilikuwa napitisha picha tu, kwa woga, kama mtu anayehesabu rozari, nikafika sehemu ya waliopatikana. Nikamwona mama na mtoto wamesimama ufukweni. Huyo mama namjua. Anauza vitumbua nje ya geti la shule yetu, mwanawe anatufukuza na fimbo tukiomba nyongeza.

Ijumaa asubuhi tulikuwa pale kabla hajawasha moto. Nilipomweleza, aliacha unga ukilowa. Alijua simu ya mzee ikizimwa haiwashwi, hivyo akampigia jirani wa mzee kule kambini, mama mmoja muuza sabuni, naye akabeba simu mpaka kwa mzee. Tukasikia "Amahoro", salamu yao, halafu Kirundi kikakimbia. Mimi Kiha chetu cha huku nakijua cha kuombea ugali tu, lakini lugha hizo mbili ni ndugu, nikashika maneno. Mzee hakuridhika na sauti. Alimuuliza: siku nilipokukutanisha na mwanao, ulimwambia neno gani la kwanza?

Mama yule akaangalia chini.

"Nilimuuliza kiatu kingine kakiacha wapi."

Niliogopa kuliko kituoni. Kisha nikasikia mzee akicheka, kicheko cha mtu aliyechoka, na kuwasha simu yake. Kaka akaomba namba upya. Mzee akatutajia moja moja kwa Kiswahili, akarudia, nami nikaziandika mkononi kwa kalamu ya wino, mbio mbio hadi saba ikafanana na moja. Kaka akaisoma vizuri. Kufuli likafunguka. Nyumba ya zamani ilipofungwa jioni, watoto wote walikuwa wamekwisha hama.

Namshukuru mama wa vitumbua, ambaye siku ile hakuuza hata kimoja. Namshukuru muuza sabuni nisiyemjua sura. Namshukuru afande, ingawa bado nikimwona navuka barabara. Na kama kuna funzo, ni hili: anayekuuzia wateja mshike mkono, mzunguke naye mlango kwa mlango, aseme kwa kinywa chake kwamba huyu ni mwenzangu. Treni isubiri.

Jumamosi mzee alipiga mwenyewe. Akauliza, "Wewe ndiye mwenye ile sauti?" Nikamwambia ndimi, shikamoo. Akasema ana picha mpya, hajui ampe nani aziweke. Nikamwambia anipe mimi. Kisha nikamwomba ruhusa ya jambo moja, akakubali.

Kwa hiyo kabla ya sala ya mwisho, simu yangu inaanza kuzunguka kuanzia kwa bibi. Ni msichana mwenye ndoo ya kijani, bado hajapatikana. Mtazameni taratibu, wote, na waliozoea kwenda sokoni na mwaloni kunakoshushwa samaki watazame mara mbili. Kioo kimepasuka, najua. Mwangalieni yeye.