Nyumba ya Mwisho ya Mzee Thum Kwai Onn, 1941–2023

Mzee Thum Kwai Onn, fundi wa nyumba za karatasi wanazochomewa wafu ili wapate makazi huko waendako, alizaliwa Seremban tarehe 9 Machi 1941, mtoto wa tatu wa Thum Sek na Bi. Chai Moy. Taa ya msiba iliyo mlangoni imeandikwa miaka 85 kwa sababu ya ile mitatu ambayo desturi yetu humwongezea marehemu. Umri wake halisi ulikuwa 82. Hili linasemwa mapema kwa kuwa marehemu asingekubali tarakimu impite bila kuihoji.

Alisoma shule ya msingi ya Kichina hapo hapo Seremban, kuanzia 1948 hadi 1953. Mwalimu alipowaeleza kuwa dunia ni mviringo, alinyoosha mkono akauliza, "Nani kaenda akaizunguka, na nani alikuwa anamwangalia?" Alichapwa fimbo mbili. Jibu hakupewa, na mpaka uzeeni alikisimulia kisa hicho kama mtu anayesubiri rufaa yake isikilizwe.

Mwaka 1954 alihamia Kuala Lumpur kwa mjomba wake, akajifunza kupasua mianzi, kufunga fremu na kubandika karatasi. Mwaka 1968 alifungua duka lake mwenyewe, namba 31, katika huu mtaa wetu wa Wachina. Wengi mliopo hapa, wazazi wenu wanakaa huko waliko katika nyumba alizowajengea yeye na tukazichoma. Kila mlango aliuwekea makomeo mawili ya karatasi, moja juu na moja chini. Aliyeuliza ya nini alijibiwa: "Kwani wezi hawafi?"

Tarehe 18 Oktoba 1970 alimwoa Bi. Leong Sau Ngan, muuza uji wa maharage mekundu. Kabla ya kuposa alituma watu watatu kumchunguza, mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya mteja. Wa tatu alipofika, Bi. Sau Ngan alimjazia bakuli akamwambia, "Kamwambie aliyekutuma aje mwenyewe, uji unapoa." Walikaa pamoja hadi Bi. Sau Ngan alipofariki mwaka 2011. Walijaliwa watoto wawili: Mei Yoke, aliyeandika wasifu huu, na Wai Keat. Hakuna kati yao aliyeshika kazi ya baba. Lilimuuma, na alilisema wazi.

Aprili 2022 walifika vijana sita wakiongozwa na binti mmoja, Hor Jia Xuan. Walisema wanataka kuufufua mtaa ili vijana wenzao warudi. Walishapaka rangi kuta tatu na kuanzisha matembezi ya Jumamosi. Sasa walitaka kujifunza ufundi wa Mzee Thum, na chumba chake cha mbele wakifanye mahali pa kunywea kahawa.

"Mtu kafiwa na mama yake jana, kaja kuagiza nyumba," Mzee aliwauliza. "Atamkuta nani hapa? Mtu anapiga picha povu la maziwa?"

"Basi tufundishe tu, Babu. Kahawa tuiache."

"Mkishajua, mtaniuza kwa nani?"

Hata hivyo walikuja kila wiki, akawafundisha, na kila wiki alikuwa na la kuwashuku. Mei Yoke alimuunga mkono baba yake moja kwa moja. Mitaa mingi imefufuliwa kwa namna hiyo, wenyeji wakajikuta nje. Alijua kwamba duka lisipopata mrithi litafungwa, na alijua pia kwamba jengo lile linamezewa mate. Vijana wenye tabasamu refu hakuwaamini.

Februari 2023 Mzee aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Julai alilazwa, na ufunguo wa duka akawaachia vijana. Mchana mmoja Mei Yoke aliingia dukani bila hodi, akamkuta Jia Xuan amepiga magoti, anapima ndara za Mzee kwa utepe. Kwenye daftari alishaandika urefu wa kigoda chake na upana wa miwani.

"Mnampima baba yangu ya nini?"

"Shangazi, hilo siwezi kusema."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi, Shangazi. Nisamehe."

Mei Yoke alimnyang'anya ufunguo, akamwambia asimwone tena mtaani. Alipomweleza baba yake, Mzee alifumbua jicho moja. "Warudishie ufunguo."

"Kwa nini, Baba?"

"Warudishie. Usiniulize."

Mtu aliyeuliza maisha yake yote, leo anasema asiulizwe! Mei Yoke aliona wazi kwamba wamemlaghai mgonjwa. Ufunguo aliurudisha, lakini kila siku alipita mbele ya duka akichungulia.

Mzee Thum alifariki hospitalini Jumatatu, tarehe 14 Agosti 2023, saa tano na dakika arobaini asubuhi. Jioni yake vijana sita walifika wamebeba nyumba hii mnayoiona kando ya jeneza, pamoja na karatasi ya maagizo yenye mwandiko wake mwenyewe. Fundi hatamki kuagiza nyumba yake angali hai, maana kuitaja ni kujiitia kifo. Ndiyo maana Jia Xuan alinyamaza akafukuzwa. Mtoto wa fundi alipaswa kuelewa, na Mei Yoke anaomba radhi hapa mbele yenu.

Maagizo yalikuwa haya: ghorofa mbili, ndara namba saba, kigoda na miwani vya karatasi, makomeo matatu, meza ya kahawa isiwekwe. Chini kabisa aliandika, "Jina aandike Jia Xuan." Ile karatasi ya jina la mwenye nyumba, ambayo bila hiyo mzimu wowote hujiingilia ukakaa, kwa miaka hamsini na mitano hakumruhusu mtu kuiandika, hata mkewe.

Duka litafunguliwa baada ya siku arobaini na tisa za maombolezo. Ufunguo amekabidhiwa rasmi Jia Xuan jana mchana, mbele ya mashahidi wawili. Mei Yoke amechongesha wake.

Marehemu ameacha binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watatu, na fundi mmoja.

Apumzike kwa amani, na huko aliko asiwe na shaka na mtu.