Mama Fagio na Kuni za Ukutani

“Shemeji, hizi kuni ziondoke ukutani leo, si kesho.”

“Kuni zangu, ukuta wangu, wewe unawashwa na nini?”

Hivyo ndivyo mpendwa wetu, tuliyezoea kumwita Mama Fagio, alivyokuwa akibishana na seremala, mdogo wa mumewe, asubuhi ya tarehe 2 Juni 2019, yeye ameshika kiuno mlangoni pa karakana, seremala ameinamia randa yake, na familia imeona tuanzie hapo, ndugu waombolezaji, kwa sababu anayetaka kumjua marehemu na ayajue kwanza magomvi yake.

Mama Fagio alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa mkata magogo na mkewe, katika nyumba ya mbao iliyo nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya mto hadi mwaka 1972, kisha akaajiriwa kwenye kitalu cha miche cha idara ya misitu, kazi yake kujaza udongo kwenye vifuko, na alisema kazi hiyo ilimfundisha subira, ingawa sisi tuliokaa naye hatukuiona. Mwaka 1980 alifunga ndoa na mnoa misumeno wa kiwandani, mtu wa maneno machache, jambo lililosaidia sana amani ya nyumba, wakajaliwa watoto wawili, dereva wa lori na muuguzi, tena akamlea binti wa kaka yake kama aliyemzaa mwenyewe. Mumewe alitangulia mwaka 2007.

Jina la Mama Fagio alilipata baada ya kuhamishiwa kikosi cha kuzuia moto, ambako walipogoa matawi ya chini ya misonobari, wakaondoa matawi makavu yaliyoanguka, na kuchoma majani ya chini kidogo kidogo, asubuhi za baridi, umande ukiwa bado haujakauka, ili kiangazi kikija moto usikute cha kula. Watu walimcheka, wakasema, “Anafagia msitu, kwake vumbi tele,” naye akawajibu, “Vumbi haliunguzi nyumba.” Alistaafu mwaka 2018, lakini kustaafu kwake kulikuwa kwa karatasi tu, kwani mwaka huohuo aliwashawishi majirani wa ukingoni mwa msitu wajitokeze kuusafisha, wakaja kwa furaha, ila kila mmoja akabeba mzigo wake wa matawi hadi kwake na kuupanga ukutani, chini ya paa, maana kuni za bure nani azikatae, na yeye mwenyewe aliwapigia makofi, mpaka siku alipopanda kilimani, akageuka kutazama nyumba zetu, akaona kwamba msitu mkavu haujaondolewa, umehamishwa tu, umekuja kuegemea kuta za watu.

Ndiyo maana asubuhi ile hakuwa na mzaha. Seremala, mwenye rundo kubwa kuliko wote, alimwambia, “Huo moto uko wapi? Nionyeshe nami niukimbie,” marehemu akakunja mikono ya blauzi, akaanza kuzibeba kuni mwenyewe hadi kwenye uwanja ulio wazi, anakwenda na kurudi, jasho linamtiririka, hadi mke wa seremala akatoka jikoni na unga mikononi, akamwambia mumewe, “Leo utakula randa,” akajitwisha mzigo akamfuata. Seremala alitazama huku na huku, akaweka randa chini, majirani nao wakaona haya, na hadi jua linazama kuta za mtaa mzima zilikuwa tupu.

Tarehe 19 Septemba mwaka huo moto ulishuka kutoka mlimani ukiruka kutoka kilele cha mti hadi kilele cha mti, lakini ulipofika kwenye miti iliyopogolewa ulikosa ngazi ya kupandia, ukaanguka chini ukitambaa, watu wakaupiga kwa matawi mabichi, cheche zilizovuka zikatua kwenye ardhi iliyofagiwa zikafa zenyewe, na hakuna nyumba hata moja iliyoungua.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa hospitali ya wilaya, akapata nafuu na kurudi nyumbani, lakini Mei mwaka huu, asubuhi za baridi zilipofika, hakuweza tena kuinuka kitandani, na kilichomuumiza zaidi ya moyo ni swali alilomuuliza kila aliyemletea uji, “Wataweza bila mimi? Umande haumsubiri mtu.” Alitutoka alfajiri ya tarehe 28 Mei, usingizini, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake muuguzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wenzake wa kikosini waliokuja kumtazama na viatu vyenye matope, na majirani, ambao wengine hawakumtembelea siku ile ya mwisho kwa kuwa walikuwa msituni. Tulitafuta maneno ya kumuaga tukayakosa, basi tunamuaga kwa yale ya seremala, aliyerudi kutoka huko jioni ya kuamkia kifo chake, uso mweusi kwa masizi, akasimama mlangoni pa chumba cha marehemu asiingie, asije akachafua sakafu, akasema, “Lala, shemeji. Tumechoma mpaka mtoni, na moshi umekwisha wote.”