Mama Sinki na Vigogota Wangu Wawili

Mhudumu wetu wa maabara, ambaye shule nzima humwita Mama Sinki, anastaafu tarehe 30 mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Alianza akiwa mfagiaji, akapanda hadi kuwa msimamizi wa vifaa vyote. Amezima mioto midogo mitatu bila kumtaja hata mwanafunzi mmoja aliyehusika. Wa tatu nilikuwa mimi.

Walimu wataeleza mengine. Mimi nitaandika habari za ndege, na hapo sina budi kujianika.

Mwaka jana nilikuwa katibu wa klabu ya mazingira, cheo nilichopata kwa kuona haya kukataa. Nje ya dirisha la maabara kuna mti mkavu, na hapo nilimwona kigogota, yule ndege mdogo mwenye madoadoa mgongoni anayegonga shina kwa mdomo kama fundi aliyechelewa kumaliza kazi. Nilimwona wa utosi mwekundu, kisha wa utosi mweusi. Nikabandika tangazo kwa lugha mbili, ili nikosee kikamilifu: tuna aina mbili za vigogota, ni maadui, wanagombania tundu, na wanauua mti.

Matangazo yetu hayasomwi na mtu. Hilo mwalimu mkuu alilisoma, akaagiza mti ukatwe Ijumaa kabla haujaangukia darasa.

Jumatano Mama Sinki akaniita. "Mwanangu, hao maadui wako mbona wanalea watoto pamoja?"

Akanipa brashi ya kuoshea vioo, akanisimamisha dirishani mapumziko yote. Mweusi alitoka tunduni, mwekundu akaingia na buu mdomoni, na vifaranga wakapiga kelele. Kumbe ni mke na mume. Dume ndiye mwenye wekundu utosini. Na mti ulikufa zamani. Wao walikuwa wakichokoa mabuu waliokuwa wakiutafuna kwa ndani. Mama Sinki aliyajua hayo kabla sijazaliwa, ila hakuna aliyemuuliza, na mimi mtaalamu ndiyo kabisa.

Nilimsihi akamwambie mwalimu mkuu.

"Tangazo la nani? Nenda mwenyewe. Mimi nitakuwa nafagia karibu."

Ofisini niliegemea ukuta mpaka karani akaniletea dawa ya homa. Mwishowe nikasema, nikianza kwa lugha ya darasani na kumalizia kwa ya nyumbani, nikilia kwa zote mbili. Nje, Mama Sinki alikuwa akifagia korido iliyokwisha kufagiwa. Mwalimu mkuu alikuja kwenye dirisha la maabara, akatazama kwa muda, akaahirisha msumeno. Darasa la jirani likahamia maktaba hadi vifaranga waruke.

Waliruka wawili, wote na wekundu utosini. Nikatangaza: madume mawili! Mama Sinki alicheka hadi akashika meza. "Wakiwa wadogo wote huwa hivyo, mtaalamu. Ngoja wakue kwanza."

Wiki iliyopita ofisi ilimuuliza nani aandike wasifu huu, akanitaja. Nilimwambia nitakosea tu.

"Utakosea, ndiyo. Lakini wewe huwa unarudi kurekebisha."

Sijawahi kupewa cheti kinachozidi hicho. Asante, Mama. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na miaka mingi ya amani. Makosa yaliyomo humu ni yangu. Jumamosi nakuja kwako unionyeshe ni yapi.