Timothy Fondo Rai, Aliyeitwa Mara Nne

Marehemu Timothy Fondo Rai alizaliwa tarehe 9 Aprili 1996 hapa Taru, kwa Mzee Rai na Mama Kanze, wafugaji wa mbuzi. Mimi Faith ni mdogo wake wa pekee.

Alisoma hapa hapa hadi kidato cha nne, mwaka 2014. Hesabu zilimshinda, lakini kwa maneno hakuwa na mpinzani.

Mwaka 2016 aliajiriwa Diani kama mhudumu wa mezani katika hoteli ya Mzee Gerishom. Huko akampenda Immaculate, binti wa mwenye hoteli, naye akapendwa. Mwaka 2021 vijana wa Ukunda walitengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu mhudumu na binti wa tajiri, na wawili hawa wakaigiza mapenzi yao wenyewe. Katika filamu kijana anajifanya amekufa, binti anamwita mara tatu, anainuka, na baba mtu analainika. Mjomba Nzai, seremala, alimpima Timothy kweli kweli akatengeneza jeneza la kweli. Mama alikasirika.

"Mwanangu, jeneza halijaribiwi!"

"Mama, ni mchezo tu."

Siku ya kurekodi, alipoinuka jenezani, watu walivunjika mbavu. Mimi peke yangu aliniambia kwamba aliitwa mara nne, na ya nne haikuwa sauti ya Immaculate. Nilimcheka. Najuta.

Baba wa kweli hakulainika. Walifunga ndoa kwa msajili tarehe 2 Desemba 2022, na siku hiyo hiyo marehemu akafutwa kazi.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2024. Alipolazwa hospitali ya Msambweni, kila mchana aliuliza nani anamwita. Immaculate alimwambia, "Usiitike mpaka uone mdomo wangu." Tarehe 11 Februari 2025, saa nane mchana, Immaculate alitoka kidogo kuchukua uji. Nesi anasema marehemu aligeukia ukutani, akaitika "Naam" kwa ile sauti yake ya kuhudumia wageni, akatulia.

Jeneza hili ndilo lile la filamu. Mzee Gerishom alilituma kutoka stoo ya hoteli, lilikobaki tangu filamu, pamoja na ujumbe kwamba binti yake asiandikwe hapa kama mjane. Jeneza tumelipokea. Ujumbe hatukuupokea.

Marehemu ameacha baba, mama, mimi dada yake, na mke wake, Immaculate. Tangu Alhamisi Immaculate anasema anasikia akiitwa, mchana kweupe, na sauti ni ya Timothy.

Pumzika kwa amani, kaka yangu. Mke wako tutamtunza. Tafadhali, usimwite.